Banda la wanafunzi wanaoelimisha kuhusu kuchangia viungo, Nyerere Square Dodoma: nendeni, tena nendeni na ndugu zenu

Hii huduma haina jina la biashara wala huwezi kuikuta kwenye ramani ya simu. Ni wanafunzi wa udaktari na uuguzi wa hapahapa Dodoma, wikendi wanafunga turubai na kupanga meza mbili pale Nyerere Square upande wenye miti, wanaelimisha watu kuhusu kuchangia viungo, hasa figo, na ni bure kabisa, hakuna anayekuomba hata mia. Watu tunaandika rivyu za chipsi na saluni kila siku, nikasema na hii lazima niiandike maana imetusaidia familia yetu kwenye jambo ambalo tulikuwa tumekwama kweli kweli. Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyoishika nitasema kwa nini.

Niseme kwanza kwa nini nilisimama pale. Mi nauza vitambaa Majengo, siku ile nakatiza zangu square naelekea stendi ya daladala, nikaona watu wameizunguka meza wameinama, nikadhani ni wale wa dawa za mitishamba. Kumbe mezani kuna sinia la chuma na juu yake figo ya mbuzi. Mbichi, wameinunua bucha asubuhi ile na wakamwambia mwenye bucha asikate mirija wala asitoe mafuta yote. Dada mmoja kavaa glavu, kaishika kwa vidole viwili anaieleza taratibu, anasema wamechagua ya mbuzi kwa sababu ya ng'ombe ina mafundofundo mengi na haifanani na ya mtu, ila ya mbuzi ina umbo karibu sawa na ya kwetu, ya kwetu ni saizi ya ngumi yako mwenyewe. Watu wote tukakunja ngumi tukaangalia.

Afu akatuonesha mirija mitatu inayotokea kwenye lile bonde la figo. Huu unaleta damu chafu, huu unarudisha damu iliyosafishwa, na huu mweupe mwembamba unashusha mkojo kwenda kwenye kibofu. Akasema upandikizaji wa figo ukiuondolea maneno makubwa ni kuunga hii mirija mitatu, wawili kwenye mishipa ya damu ya mgonjwa na wa tatu kwenye kibofu. Halafu akaipasua katikati na kisu kidogo, nje ina rangi ya maini na ndani kuna sehemu iliyopauka kama imechorwa pembetatu pembetatu, akasema damu inachujwa kwenye ile sehemu ya nje na mkojo unashukia hapo kwenye pembetatu, usiku na mchana bila kupumzika. Nimemuuguza mgonjwa wa figo muda mrefu, nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali nimesikia daktari anasema hili na lile, lakini sijawahi kuelewa figo ni kitu gani mpaka nilipoiona pale kwenye sinia.

Na kitu kingine ambacho kilinishangaza, figo mpya haiwekwi pale ya zamani ilipo. Mi siku zote nilijua wanatoa mbovu mgongoni wanaweka nzima palepale. Kaka mmoja wa kundi lao akajiwekea kiganja chini ya tumbo upande wa kulia, karibu na nyonga, akasema inawekwa hapa mbele na zile mbili za zamani mara nyingi zinaachwa tu zilipo, kwa hiyo mtu aliyepandikizwa anaweza kuwa na figo tatu mwilini na inayofanya kazi ni moja. Mzee mmoja pembeni yangu akasema "Eeh!" kwa nguvu mpaka watoto wakacheka.

Sasa nieleze kwa nini hili jambo lilinigusa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, figo zimefeli kutokana na presha ambayo hakuijua miaka na miaka, anasafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara masaa manne kwenye mashine. Ambaye hajawahi kuishi na mtu anayesafishwa damu hawezi kuelewa inavyokula maisha ya nyumba nzima, siku ya mashine hafanyi kitu, siku inayofuata ndo anapata nguvu kidogo, kesho yake mashine tena. Maji anapimiwa, ndizi na parachichi amekatazwa. Na nyumbani maneno ya figo yalikuwa yanasemwa jikoni kwa kunong'ona. Wote macho yalikuwa kwa mdogo wao wa mwisho, dereva bodaboda, maana "yule hana mke hana mtoto, atoe yeye." Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye mwenyewe. Na yeye akaanza kupunguza kuja nyumbani, watu wakasema ana roho mbaya.

Kwa hiyo niliposikia wale watoto wanaongea nikajikuta nauliza maswali mpaka nimechelewa kurudi kibandani. Na ninachowasifia kuliko vyote ni hiki, hawashawishi mtu atoe figo. Nilidhani kampeni ya kuchangia viungo lazima itakuwa ya kukubembeleza, kukupa tisheti na kukusainisha. Hawa hawana fomu ya kusaini na wanakuambia wazi kwamba hapa kwetu upandikizaji wa figo unaofanyika unategemea ndugu aliye hai, kwa hiyo kazi yao siyo kukusanya majina, wanataka watu waongee nyumbani wakijua wanachokiongelea. Dada wa uuguzi aliyenihudumia aliponisikia habari za yule mdogo wetu aliniuliza swali moja tu, "Mama, yeye amesema anataka?" Nikakosa jibu.

Akanielekeza kwamba mtoaji anatakiwa aulizwe peke yake, siyo mbele ya kikao cha ukoo, na kwamba hospitali nyingi duniani zinazopandikiza zina mtu maalumu wa kuongea na mtoaji faragha, na akisema sitaki hata dakika ya mwisho wanamheshimu, na familia inaweza kuambiwa tu kwamba hafai kutoa bila kutaja sababu. Yaani mtu analindwa hata dhidi ya ndugu zake. Mi nilikuwa sijui kabisa kitu kama hicho kipo, na nadhani ukoo mzima wa mume wangu ulikuwa haujui.

Wadau ambao hamjui, upandikizaji wa figo siyo lazima India tena. Hili wale wanafunzi wanalisema mara nyingi na nawapongeza maana watu wengi mjini hapa hawana habari. Muhimbili walifanya wa kwanza Novemba 2017, na hospitali yetu ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma ikaanza Machi 2018 ikishirikiana na madaktari wa Tokushukai, kundi la hospitali kutoka Japani. Watu tunapita pale tunaelekea UDOM tunaona majengo tu. Na wamenifahamisha kwamba Mkapa wanapandikiza pia uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu (sickle cell), mtoto anapewa na ndugu yake wa damu. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliposikia selimundu alisogea mbele kabisa akakaa kwenye kiti, wakamwacha aulize mpaka akamaliza, wengine tukasubiri.

Wana na historia fupi waliyoiandika kwa mkono kwenye manila, nimeipenda. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston Marekani, Desemba 1954, daktari Joseph Murray akachukua figo ya Ronald Herrick akampa pacha wake Richard. Ilikubali kwa sababu walikuwa mapacha wa kufanana, mwili haukuiona figo ile kuwa mgeni. Richard akaishi miaka mingine nane, akaoa na kupata watoto. Na Ronald aliyetoa akaishi na figo moja mpaka 2010, kafa na miaka 79. Yule kaka alipofika hapo alinyamaza kidogo akaturudisha kwenye hesabu, kuanzia 1954 mpaka 2010, figo moja. Kwa mtu ambaye amekuwa akisikia mtaani kwamba ukitoa figo miaka miwili huna, hiyo hesabu ilifanya kazi kuliko hotuba. Na wakaongeza kwamba upandikizaji wa moyo wa kwanza wa mtu kwa mtu ulifanyika Afrika, Cape Town, Desemba 3, 1967, daktari Christiaan Barnard, mgonjwa aliishi siku 18 akafa kwa nimonia, kwa sababu zama zile dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo zilikuwa bado dhaifu. Dawa nzuri zikaja miaka ya themanini. Hawakuficha kwamba alikufa, nikawaamini zaidi.

Sasa maswali ya watu. Hapo ndo nimeona uvumilivu wao maana maswali ya square unayajua.

La kwanza na linarudi kila baada ya nusu saa: figo bei gani? Kijana mmoja aliuliza akiwa serious kabisa, anadaiwa, ameona tangazo Facebook kwamba figo inanunuliwa mamilioni. Hawakumcheka wala hawakumgombeza. Wakamwambia viungo haviuzwi, Shirika la Afya Duniani lina miongozo yake ya 2010 inayokataza kulipia kiungo, na kabla ya hapo kuna Azimio la Istanbul la 2008 ambalo madaktari wa upandikizaji duniani walikubaliana kupinga biashara hiyo. Kwa hiyo yale matangazo ni matapeli, wanakuambia utapata mamilioni ila kwanza tuma hela ya usajili, ukituma wanakubloku. Na hata ikitokea mtu kweli anakununua, ujue anakupeleka kwa watu wasiojali utapona au hutapona. Kijana akasema "Nishatuma elfu hamsini." Kimya kikapita. Yule dada akamshika bega akasema usitume tena kaka yangu, na akamwelekeza aende polisi na zile meseji azihifadhi asifute. Nilimwonea huruma sana.

La pili ni mumiani. Bibi mmoja wa makamo alipita akasema kwa sauti, hao ndo wanaowanyonya watu damu, watoto tokeni hapo. Kwetu Tanzania hii imani ni ya siku nyingi na mtu aliyelelewa nayo huwezi kumtoa kwa kumwambia mjinga. Walichofanya walimwita, "Shikamoo bibi, njoo ukae kivulini kwanza," wakampa kiti. Wakamweleza kwamba figo haiwezi kuibwa usiku gesti kama watu wanavyosimuliana, kwa sababu lazima kundi la damu liendane, vipimo vya tishu vifanyike, damu za watu wawili zichanganywe maabara waone kama zinapigana, afu vyumba viwili vya upasuaji na madaktari bingwa na wauguzi na mtu wa usingizi, na figo ikishatoka inawekwa kwenye baridi na ina masaa yake, kama siku moja hivi. Mwizi wa gesti anavitoa wapi hivyo vyote? Bibi hakusema amekubali. Ila alikaa, akapimwa presha, ikakutwa juu, wakamwandikia kikaratasi aende kituo cha afya. Kwa kweli hata kama asingesikia la figo, kwa lile la presha tu banda limefanya kazi yake, maana presha na kisukari ndo vinavyoongoza kuua figo za watu, pamoja na hizi dawa za maumivu tunazojinunulia dukani kila tukiumwa mgongo.

La tatu lilitoka kwa babu mmoja Mgogo, alikuja na fimbo yake, akasalimia "Mbukwenyi", akasikiliza muda mrefu bila kusema neno. Afu akauliza, "Mjukuu wangu, mtu akizikwa pungufu, siku ya kufufuliwa anafufuliwaje?" Wote tukageuka. Yule kijana akamjibu kwa heshima, "Babu mimi nasomea udaktari, la ufufuo siwezi kukujibu, muulize mchungaji wako. Ila naweza kukwambia viongozi wa dini walisema nini." Akafungua daftari. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000 aliwahutubia madaktari wa upandikizaji Roma akalisifu tendo la kutoa kiungo kama tendo la upendo, bila biashara na bila kulazimishwa. Na kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokaa Jeddah 1988 liliruhusu kwa masharti, likiwemo hilohilo la kutouza na kutomdhuru mtoaji. Babu akatikisa kichwa, akasema Mungu aliyemuumba mtu kwa udongo hashindwi kumtafutia figo. Hakusema anaunga mkono wala anapinga, akaaga akaenda zake.

Hilo daftari ni kitu ninachotaka wengine waige. Swali wasilolijua hawabuni jibu, wanaliandika, na wiki inayofuata wanakuja na jibu walilotoa kwa walimu wao. Mimi niliuliza kama shemeji ni O pozitivu na mdogo wake ni O negativu itakuwaje. Yule dada akasema anadhani haina shida ila akahakikishe kwanza. Wiki iliyofuata akaniita kwa mkono nikipita, "Mama vitambaa!" Akanambia kwenye figo wanaangalia A, B, AB na O, ile pozitivu na negativu haizuii kama inavyozuia kwenye kuongezewa damu. Mtu wa O anampa yeyote ila yeye anapokea kwa O mwenzie tu. Nilishukuru sana, hilo swali lilikuwa limetukosesha usingizi bila sababu.

Wanaongea pia habari za kuchangia baada ya kufa, ingawa kwa kifupi. Wanafafanua tofauti ya koma na kifo cha ubongo, kwamba mtu wa koma ubongo wake bado una uhai na anaweza kuamka, ila ubongo ukishakufa wote mashine ndo inayopumua na hakuna kurudi. Na madaktari wanaothibitisha kifo hawatakiwi kuwa walewale wa kupandikiza. Mtoaji mmoja aliyefariki anaweza kuokoa mpaka watu wanane, moyo, mapafu mawili, ini likigawanywa, figo mbili, kongosho, na bado kioo cha jicho kikampa mtu mwingine kuona. Na wakasema Hispania wana sheria tangu 1979 inayomhesabu kila mtu kuwa amekubali asipokataa, Uingereza upande wa England wakaifuata 2020, na bado huko kote madaktari wanakaa na familia wanaiuliza kabla ya kugusa chochote. Hapo ndo nikaelewa kwa nini hawa vijana wanang'ang'ania watu waongee nyumbani, kwa sababu hata pale sheria ipo, mwisho wa siku anayeulizwa ni mama yako, mkeo, kaka yako, na kama hamjawahi kuongea watajibu kwa hofu.

Basi mimi nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, na yeye ndo akaongea na mdogo wake, wawili tu, nje kwenye bodaboda. Kumbe yule kijana hakuwa amekataa. Alikuwa anaogopa na hakuwa na wa kumuuliza, maana kila akifungua mdomo watu wanasikia kama anatafuta sababu. Nikampeleka bandani. Aliuliza mambo yake mwenyewe ambayo sisi tusingeyawaza kamwe. Nikipata ajali na nina figo moja? Nitaweza kubeba magunia? Nitaweza kuzaa? Na yule dada wa uuguzi hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia operesheni ni operesheni, kuna kutokwa damu, kuna maambukizi, na kufa kupo ingawa ni mara chache sana, kwa takwimu za Marekani za 2013 mpaka 2022 ni kama mtoaji 1 kwa kila 10,000. Atakaa wiki nne mpaka sita bila kubeba vitu vizito. Kuzaa atazaa. Kila mwaka apime presha na mkojo maisha yake yote, apunguze chumvi, asimeze dawa za maumivu ovyo. Figo iliyobaki inaongezeka ukubwa kidogo na kubeba kazi. Na kuhusu ajali akamwambia ukweli, ukiumia figo hiyo moja huna ya akiba, kwa hiyo hilo ulifikirie wewe kulingana na kazi yako, asikuharakishe mtu.

Alitoka pale kanyooka mgongo. Sijui niseme vipi, alikuwa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Jumapili ile akaja nyumbani kula, akakaa na kaka yake wakaangalia mpira.

Haya sasa ile nyota moja.

Bango lao kubwa limejaa maneno magumu, karibu nusu ni Kiingereza cha darasani kwao, na mchoro wa figo una mishale yenye majina ambayo hata mimi niliyemaliza fomu foo sikuyaelewa. Wakiongea wanaongea Kiswahili kizuri kabisa, sasa kwa nini bango lisiongee hivohivo? Mtu anayepita anasoma bango kwanza, akiona limemshinda anaendelea na safari. Spika nayo ni mbovu, na upepo wa Dodoma mnaujua, mwezi wa saba na wa nane ukivuma na lile vumbi husikii kitu ukiwa mstari wa nyuma, vipeperushi vinaruka mpaka barabarani.

Hawana sehemu ya faragha, hili ni zito. Maswali ya figo ni maswali ya ndani ya ukoo, kuna mtu anataka kuuliza habari za mtoto ambaye damu yake labda haitaendana na ya baba, unaelewa namaanisha nini, hawezi kuuliza hayo mbele ya watu ishirini. Hata kitenge kimoja kikifungwa kwenye miti miwili kingetosha.

Na wakiingia kwenye mitihani wanapotea bila taarifa. Nilimleta mama mkwe kutoka Chamwino makusudi awasikie mwenyewe, tukakuta uwanja mtupu, mama wa watu kapanda gari na miguu inamuuma. Wangeacha hata karatasi kwenye mti, tunarudi tarehe fulani.

Lingine ni hela na dawa. Wanasema mgonjwa atameza dawa za kuzuia mwili kukataa figo maisha yake yote, wanasema kwa sentensi moja wanapita. Hapana jamani, hapo pakalieni. Familia inaweza kushangilia operesheni imeenda vizuri, afu baada ya muda mgonjwa anaruka dozi kwa sababu dawa imeisha na hela hamna, na figo ya ndugu yake inapotea. Watu wafundishwe waulize mapema hospitali na kwenye bima, dawa zipi, za kiasi gani kwa mwezi, analipa nani. Figo iliyotoka kwa ndugu aliye hai inaweza kudumu miaka 15 hata 20 ikitunzwa, na kutunza kwenyewe ndo hizo dawa.

Kwa wanaotaka kwenda, nendeni asubuhi saa tatu hivi kabla jua halijawa kali na watu hawajawa wengi. Kama kuna mgonjwa nyumbani chukueni makaratasi yake ya kundi la damu, na muwe na yule mtu ambaye ukoo umemkazia macho, aongee yeye mwenyewe na wao, nyie wengine mkae pembeni. Mwombeni yule dada wa uuguzi ana lugha nzuri kwa wazee. Presha wanapima bure, sukari mara nyingine vipimo vinaisha mapema.

Mdogo wetu ameshaanza vipimo kwa hiari yake, kundi la damu limekubali, mengine bado, na tumekubaliana kwamba akisema basi ni basi.

Na nyie wanafunzi kama mnaisoma hii, njooni Majengo mniulizie mama wa vitambaa, kitambaa cha bango jipya nitatoa mimi na fundi wa kuandika nitamtafuta, nyie leteni maneno ya Kiswahili tu. Kitenge cha kufunga kwenye miti nimeshakiweka pembeni, kipo dukani kinawasubiri. Na mkimaliza mitihani msiishie square, watu wa soko la Sabasaba na wa stendi ya Nzuguni hawajawahi kuwaona.